Kabla ya Kuugua: Jinsi Mwili Unavyounda Kingamwili na Vipokezi vya Seli T

Mama anayempeleka mtoto kliniki akiwa na wiki 6 huambiwa arudi wiki ya 10, kisha wiki ya 14, kwa chanjo ileile inayokinga dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini aina ya B na maambukizi ya bakteria aitwaye Hib. Wengi huuliza kwa nini dozi zote tatu zisitolewe siku moja, safari ikaisha. Swali hilo ni la haki, hasa kwa anayetembea saa mbili kufika kituoni, na kumwambia kwamba ndivyo ratiba ilivyo hakumtoshi. Jibu lenyewe limo katika namna mwili unavyotengeneza kingamwili, jambo ambalo sayansi ilichukua zaidi ya miaka 80 kulieleza tangu kingamwili zilipoanza kutambuliwa mwaka 1890.

Kingamwili ni protini inayoelea katika damu na majimaji ya mwili, ikishika umbo fulani la kitu kigeni: sehemu ya ngozi ya bakteria, kipande cha kirusi, au sumu ya pepopunda. Umbo hilo linaloshikwa huitwa antijeni. Kingamwili hutengenezwa na seli B, ambazo ni aina ya chembe nyeupe za damu. Ndugu zao, seli T, hazimwagi kitu kama hicho katika damu. Zenyewe hubeba juu ya utando wao kipokezi kinachotambua vipande vya protini ya kijidudu vinavyooneshwa na seli nyingine. Baadhi ya seli T huua seli zilizoambukizwa, na nyingine, zile zinazohesabiwa katika kipimo cha CD4, huzisaidia seli B na kuongoza mapambano. Kingamwili na kipokezi cha seli T hutofautiana kwa kazi, lakini huundwa kwa ufundi mmoja.

Fumbo la hesabu

Binadamu ana jeni zipatazo 20,000 tu zenye maelekezo ya kutengeneza protini. Kwa jeni hizo hujengwa misuli, damu, ubongo, ngozi na vyote vingine. Lakini kingamwili ambazo mwili mmoja unaweza kuziunda ni za maumbo mamilioni kwa mamilioni. Iwapo kila kingamwili ingehitaji jeni yake, jeni zote za binadamu zingeacha kazi nyingine na bado zisingetosha.

Tatizo lilizidi kuwa gumu kutokana na kazi ya Karl Landsteiner, mtaalamu yuleyule aliyegundua makundi ya damu ya A, B na O. Alionesha kwamba mnyama akidungwa kemikali iliyotengenezwa maabara na kubandikwa juu ya protini, hutoa kingamwili inayoitambua kemikali hiyo hasa, hata kama haikuwahi kuwapo duniani kabla ya kuundwa na mkemia. Hakuna mzazi awezaye kumrithisha mtoto jeni iliyokusudiwa kitu ambacho hakijapata kuwapo.

Mwaka 1940 Linus Pauling alipendekeza kwamba kingamwili ni kama udongo laini: hujikunja kuizunguka antijeni na kuchukua umbo lake. Wazo hilo lilivutia kwa wepesi wake, lakini halikuwa sahihi, kwa kuwa umbo la protini hufuata mpangilio wa asidi amino zake, na mpangilio huo hutoka katika jeni. Mwaka 1957 Frank Macfarlane Burnet wa Australia aliligeuza swali. Alisema kila seli B hubeba umbo moja tu la kingamwili, nayo huwa nalo kabla haijakutana na kijidudu chochote. Kijidudu kinapoingia hakifundishi seli kitu. Kinachofanyika ni kwamba seli iliyobahatika kuwa na umbo linalokifaa huamka, huzaana na kuwa kundi kubwa. Kwa mfano wa cherehani, mwili hausubiri mgeni afike ndipo umpime. Unashona nguo za kila kipimo mapema, nyingi zikiwa hazitavaliwa kamwe, kisha mgeni anapokuja hutafutwa inayomkaa, na hiyo ndiyo inayoshonwa kwa wingi.

Wazo la Burnet lilieleza uteuzi. Halikueleza nguo hizo zote zinatoka wapi.

Kukata na kuunganisha

Kingamwili ina umbo la herufi Y. Imejengwa kwa minyororo minne ya protini: miwili mizito inayofanana na miwili myepesi inayofanana. Ncha mbili za juu ndizo zinazoshika antijeni, na ndizo zinazotofautiana mno kati ya kingamwili moja na nyingine. Mguu wa chini hubadilika kidogo tu, kwa kuwa kazi yake ni kuziita seli na protini nyingine za ulinzi.

Mwaka 1976, katika taasisi ya utafiti wa kinga mjini Basel, Uswisi, Nobumichi Hozumi na Susumu Tonegawa walilinganisha DNA ya kiinitete cha panya na DNA ya seli za uvimbe wa panya zilizokuwa zikitengeneza kingamwili. Iliaminika wakati huo kwamba DNA ya seli zote za mwili ni ileile, tangu mimba hadi kifo. Wao waliona vingine. Katika kiinitete, sehemu ya jeni inayohusika na ncha ya kingamwili na sehemu inayohusika na mguu wake zilikuwa mbalimbali. Katika seli ya kingamwili zilikuwa zimesogezwa pamoja. Seli ilikuwa imeikata DNA yake yenyewe, ikatupa kilichokuwa katikati na kuunganisha kilichobaki. Tonegawa alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1987 peke yake, jambo lisilo la kawaida kwa tuzo hiyo katika zama hizi.

Leo ufundi huo unajulikana kwa undani. Hatuzaliwi na jeni kamili za kingamwili; tunarithi akiba ya vipande. Kwa mnyororo mzito, ulio katika kromosomu ya 14, kuna vipande vipatavyo 40 vya kundi V, 23 vya kundi D na 6 vya kundi J. Seli B changa ndani ya uboho huchukua kimoja kutoka kila kundi, bila mpango, na kuviunganisha. Hapo peke yake hupatikana michanganyiko 5,520. Mnyororo mwepesi hujengwa kwa vipande V na J vilivyo katika kromosomu ya 2 au ya 22, navyo hutoa michanganyiko kama 320. Kwa kuwa mnyororo mzito wowote unaweza kuoana na mwepesi wowote, hesabu hufika karibu milioni 1.8, kutokana na vipande vinavyozidi mia moja.

Hata hivyo sehemu kubwa zaidi ya utofauti haitokani na vipande. Hutoka kwenye mshono. Ukataji hufanywa na vimeng'enya viwili, RAG1 na RAG2, ambavyo hufanya kazi hiyo katika seli B na seli T changa tu. Vikishakata, ncha za DNA hupunguzwa herufi chache, kisha kimeng'enya kingine huongeza herufi mpya ambazo hazikuandikwa popote katika DNA ya baba wala ya mama. Fundi mzuri wa nguo angeona aibu kwa mshono wa namna hiyo, kwa kuwa hakuna miwili inayofanana. Lakini katika kingamwili mshono huo huangukia katikati kabisa ya mahali panapogusa antijeni, na hivyo uzembe ule ndio unaozidisha maumbo kutoka mamilioni machache hadi idadi isiyohesabika. Pacha wanaofanana kwa kila jeni hawafanani kwa kingamwili zao.

Gharama yake ni kubwa. Jeni husomwa herufi tatutatu, kwa hiyo takriban miungano miwili kati ya mitatu huvuruga usomaji na kuharibu kila kinachofuata. Seli hujaribu tena kwa nakala ya kromosomu ya mzazi wa pili, ikishindwa, hufa. Inayofaulu hufunga mlango: mnyororo mzito ukishapatikana, nakala nyingine huzuiwa isikatwe, na ndiyo sababu seli moja hubeba umbo moja tu, kama Burnet alivyotabiri.

Shule ya thaimasi

Seli T huzaliwa katika uboho lakini hukomaa katika tezi ya thaimasi, iliyo nyuma ya mfupa wa kifua. Huko vimeng'enya vilevile vya RAG huunganisha vipande vya V, D na J vya kipokezi cha seli T. Mnyororo wa alfa una vipande vya J kama 50, wingi usioonekana katika kingamwili, na seli inaweza kurudia kuuunganisha mara kadhaa hadi ipate unaofaa.

Kazi isiyo na mpango huzaa pia vipokezi visivyofaa na vipokezi vya hatari. Thaimasi huzipima seli hizo kwa ukali. Ile ambayo kipokezi chake hakiwezi kabisa kusoma vipande vya protini vinavyooneshwa na seli za mwili huachwa ife. Ile inayoshika protini za mwili wenyewe kwa nguvu huuawa au hugeuzwa kuwa seli ya kutuliza wengine. Wanaofaulu na kutoka hawafiki hata 5 kati ya 100. Baadhi ya hatari hupenya licha ya mtihani huo, na magonjwa ambayo kinga hushambulia mwili, kama aina ya kwanza ya kisukari, yanahusiana na seli za namna hiyo.

Thaimasi huwa kubwa utotoni, kisha baada ya balehe husinyaa pole pole na nafasi yake kujaa mafuta. Jambo hili lina maana kwa watu wanaoishi na VVU. Virusi hivyo vinapoua seli za CD4, havipunguzi idadi tu. Maumbo mengine ya vipokezi hutoweka moja kwa moja. Dawa za ARV zikianza, hesabu ya CD4 hupanda, lakini sehemu kubwa ya ongezeko la miezi ya mwanzo ni seli zilizosalia zinazojizalisha, zikiwa na vipokezi vilevile vya awali. Maumbo yaliyopotea hurudi polepole kupitia thaimasi, na kwa mtu mzima thaimasi hiyo imedhoofu. Mgonjwa anayeanza dawa mapema, kabla CD4 hazijashuka sana, huwa hajapoteza kile ambacho ni vigumu kukirudisha.

Baada ya kukutana na adui

Hadi hapa kila kitu hufanyika kabla ya ugonjwa. Kwa seli T utofauti unaishia hapo. Kwa seli B kuna hatua ya pili, na ndiyo inayojibu swali la mama wa kliniki.

Kingamwili ya kwanza kushika sumu ya pepopunda kwa kawaida huishika kwa ulegevu. Siku chache baada ya chanjo, seli B zilizoamka hukusanyika ndani ya tezi za limfu na wengu, zikaunda vituo vidogo vya kuzaana kwa kasi. Humo kimeng'enya kiitwacho AID, kilichotambuliwa mwaka 1999 katika maabara ya Tasuku Honjo nchini Japani, huharibu kwa makusudi herufi za jeni za kingamwili. Seli inapogawanyika, karibu herufi moja kati ya 1,000 hubadilika katika sehemu hiyo, kasi inayokaribia mara milioni moja ya ile ya jeni nyingine. Mabadiliko mengi huharibu. Machache huboresha mshiko. Kisha seli hushindania antijeni iliyopo na msaada wa seli T: inayoshika vizuri zaidi hupewa ruhusa ya kuzaana tena, iliyoshindwa hufa. Mzunguko hurudiwa, na wiki baada ya wiki mshiko wa kingamwili huimarika.

Mashindano hayo huhitaji muda, na huhitaji antijeni isiyokuwa tele mno, kwa sababu penye wingi hata seli dhaifu hupata fungu lake. Dozi tatu zikitolewa siku moja zingekuwa, kwa mwili, dozi moja kubwa. Zikitengwa kwa wiki nne au zaidi, dozi ya pili hukuta seli za kumbukumbu zilizokwisha kuchaguliwa, ikazikuza na kuzirudisha mashindanoni zikiwa na mwanzo bora. Ndiyo maana pia mtoto aliyekosa tarehe kwa miezi miwili haanzi upya. Seli za kumbukumbu zingalipo. Hupewa dozi inayofuata na kuendelea. Mhudumu anayemkaripia mama aliyechelewa hadi akaogopa kurudi humkosesha mtoto dozi ambayo bado ingemfaa kikamilifu.

Katika miezi ya kwanza, kabla kazi hiyo haijakamilika, mtoto huishi kwa mkopo. Kingamwili za mama hupita kondo la nyuma kabla ya kuzaliwa, na chanjo ya pepopunda kwa mjamzito humlinda mtoto mchanga kwa njia hiyo. Mkopo huo huisha ndani ya miezi, na ukiwapo unaweza kuzima chanjo ya surua ikitolewa mapema mno, moja ya sababu za kuisubiri hadi miezi 9. Kingamwili za mama dhidi ya VVU nazo huweza kubaki katika damu ya mtoto, kwa hiyo kipimo cha kingamwili kabla ya miezi 18 hakithibitishi maambukizi. Hutumika kipimo kinachotafuta virusi vyenyewe.

Ufundi unapoharibika

Watoto wachache huzaliwa na kasoro katika jeni za RAG1 au RAG2. Wakikosa kabisa kazi ya vimeng'enya hivyo, hawawezi kuunganisha hata kipokezi kimoja, na hawapati seli B wala seli T. Kwa nje mtoto huonekana mzima kwa wiki kadhaa. Kisha huja fangasi ya mdomo isiyopona, kuharisha kusikokoma, nimonia juu ya nimonia, na uzito kutopanda. Kasoro hii hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili, hivyo hujitokeza zaidi palipo na ndoa za ndugu. Bila kupandikizwa uboho, wengi hufa katika mwaka wa kwanza au wa pili.

Kwa mhudumu, mambo mawili yana uzito hapa. La kwanza ni kipimo cha picha kamili ya damu, ambacho hupatikana hospitali nyingi. Watoto wachanga huwa na limfosaiti nyingi kuliko watu wazima. Hesabu ya 1,500 kwa mikrolita, ambayo kwa mtu mzima haishangazi, kwa mtoto wa miezi miwili ni ndogo mno na yafaa imsimamishe msomaji wa majibu. La pili ni BCG, chanjo yenye bakteria hai waliodhoofishwa, inayotolewa siku za mwanzo za maisha. Kwa mtoto asiye na seli T bakteria hao wanaweza kuenea mwili mzima. Familia ikieleza kwamba watoto wake wengine walifariki wachanga kwa maambukizi ya kujirudia, BCG na chanjo nyingine zilizo hai zisubiri hadi mtoto apimwe na kuonwa na daktari. Kwa watoto walio wengi, chanjo hizo ni salama.

Hazina iliyojengwa vizuri inaweza pia kuteketezwa. Virusi vya surua hushambulia seli za kumbukumbu zenyewe. Mwaka 2019 watafiti waliochunguza damu ya watoto 77 wa Uholanzi ambao hawakuwa wamechanjwa, kabla na baada ya kuugua surua, walikuta wamepoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya kingamwili walizokuwa nazo dhidi ya vijidudu vingine. Mtoto aliyepona surua hurudi nyuma, akalazimika kuzijenga upya kwa kuugua tena au kuchanjwa. Chanjo ya surua haikuonekana kuleta hasara hiyo.

Mwisho kuna hatari iliyomo ndani ya ufundi wenyewe: makasi yanayokata DNA yanaweza kukata pasipostahili. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika Hospitali ya Mulago, Kampala, alieleza uvimbe wa taya wa watoto ambao vitabu vya Ulaya havikuujua kama ugonjwa mmoja. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari maelfu ya maili kusini na mashariki mwa Afrika wakiuliza hospitali kwa hospitali, wakakuta uvimbe huo ukifuata maeneo yenye joto na mvua, ambayo ndiyo maeneo ya malaria. Mwaka 1964 kirusi kinachoitwa Epstein-Barr kilionekana katika seli za uvimbe zilizotumwa London kutoka Kampala.

Baadaye ilibainika kwamba katika seli hizo kromosomu zimekatika na kuunganishwa vibaya. Jeni iitwayo MYC, inayoisukuma seli igawanyike, iliyo katika kromosomu ya 8, hujikuta imeunganishwa na kipande cha kromosomu ya 14, au mara chache ya 2 au ya 22. Hizo ni kromosomu tatu zilezile zenye jeni za kingamwili. Seli B huzisoma jeni zake za kingamwili mfululizo, na sasa huisoma MYC kwa bidii hiyohiyo. Ushahidi mwingi unaelekeza kwa AID kuwa ndiyo makasi yaliyokosea. Malaria inayojirudia huzifanya seli B zikae muda mrefu katika vituo vile vya mashindano, AID ikiwa kazini, na kirusi cha Epstein-Barr huisaidia seli iliyoharibika isife inavyopasa.

Uvimbe wa Burkitt hukua haraka kuliko karibu saratani zote, seli zake zikiongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Lakini kwa sababu hiyohiyo huitikia dawa vizuri, ikiwamo saiklofosfamaidi, na watoto wengi wanaotibiwa mapema hupona. Dalili ya kwanza mara nyingi ni meno yanayolegea kwa mtoto wa kati ya miaka 4 na 10, shavu likianza kuvimba, au tumbo kujaa kwa siku chache. Meno hayo yakilegea bila kuoza wala kuumia, na uvimbe ukionekana kukua wiki hadi wiki, yasing'olewe na mtoto kurudishwa nyumbani. Apewe rufaa siku hiyohiyo kwenda hospitali inayoweza kuchukua kipande cha uvimbe kwa uchunguzi.